Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Kiswahili aliyefunguliwa darasa Berlin na kufungiwa mlango wa kwao

Alitoka Bagamoyo mwaka 1900 kwenda Berlin kufundisha Kiswahili maofisa wa Kijerumani. Aliwapa lugha, kisha akawaandikia kitabu kikubwa juu ya maisha ya watu wake. Lakini siku alipotaka kurudi nyumbani pamoja na mke wake, serikali ileile aliyoitumikia ilikataa washuke melini wakaishi pamoja. Alifariki Ujerumani mwaka 1927. Haya ndiyo maisha yake.

Katika miji yetu ya Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie na Lubumbashi, si ajabu leo kusikia kwamba mwalimu fulani amefunga mizigo na kwenda kufundisha nje ya nchi. Kabla ya kuondoka huuliza maswali yaleyale: mshahara utakuwa kiasi gani, nitalala wapi, karatasi zangu zitakubaliwa, je, jamaa yangu wataweza kunifuata? Swali moja huwa wanalisahau, nalo ndilo zito kuliko yote: wale watakaochukua elimu yangu, watanichukua na mimi pia?

Swali hilo lilimkuta Mtoro bin Mwinyi Bakari zaidi ya miaka 120 iliyopita. Leo Kiswahili kinafundishwa katika universite nyingi za Ujerumani, zikiwemo zile za Berlin, Hamburg, Leipzig na Bayreuth. Wanafunzi wengi wa huko, na hata sisi tunaokizungumza lugha hiyo tangu utoto, hatumjui mtu huyu aliyesimama mbele ya darasa wakati ambapo Mwafrika kumfundisha Mzungu lilikuwa jambo la kushangaza.

Mtoto wa pwani ya Mrima

Mtoro alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Dunda, kijiji kilicho karibu na mji wa Bagamoyo, kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Bagamoyo ya wakati ule haikuwa mji mdogo wa kulala. Ilikuwa mwisho wa njia kubwa ya misafara. Wapagazi walishuka kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, wakapanda tena na nguo, shanga na waya za shaba. Njia hiyo ilipita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba.

Kwa hiyo historia ya mji ule inatuhusu sisi wa Congo moja kwa moja. Kiswahili tunachozungumza mashariki ya nchi yetu kilipanda kwa njia hiyohiyo, kikichukuliwa na wapagazi, wafanyabiashara na watumwa. Stanley naye aliondoka Bagamoyo mwaka 1874 katika safari iliyomfikisha Nyangwe, kisha akashuka na mto Congo mpaka baharini. Mtoro alikuwa bado mtoto mdogo.

Kama watoto wengi wa Waislamu wa pwani, alitiwa chuoni akasoma Kurani, kisha akaendelea na elimu ya dini na sheria. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wasomi wa pwani tangu karne nyingi. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu wako wanaofikiri kwamba kusoma na kuandika kulianza na wakoloni. Mtoro alipokutana na Wajerumani alikuwa tayari mtu mwenye masomo yake.

Alipokuwa kijana alishuhudia dunia yake ikigeuka. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walisimama kuipinga kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imejitwalia miji yao. Bagamoyo ilipigwa na kuharibiwa. Wissmann aliletwa na jeshi, na mwezi wa Desemba 1889 Abushiri akanyongwa huko Pangani. Tangu 1891 serikali ya Ujerumani ilishika nchi yenyewe, na makao makuu yakahamishiwa Dar es Salaam.

Baada ya hapo kila mtu mwenye elimu pale pwani alipaswa kuchagua namna ya kuishi na mabwana wapya. Mtoro alifanya biashara, akasafiri hadi Udoe na Uzigua, akafanya pia kazi ya kukusanya kodi kwa ajili ya serikali. Aliandika habari za safari yake, aliyoyaona njiani na desturi za watu aliowatembelea. Maandishi hayo ndiyo yaliyomfungulia njia ya Ulaya.

Kwa nini Wajerumani walimhitaji

Mwaka 1887 Ujerumani ilianzisha mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyokuwa chini ya universite ya mji huo. Ilifundisha Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kituruki na lugha nyingine, na tangu mwanzo Kiswahili kilikuwamo. Sababu haikuwa mapenzi ya lugha. Nchi kubwa mno ilikuwa mikononi mwa Wajerumani wachache, na haikuwezekana kuitawala kwa Kijerumani. Waliamua kutumia Kiswahili katika biro za wilaya, katika jeshi, mahakamani na katika shule za serikali. Ofisa aliyetumwa huko bila kujua lugha alikuwa kama kipofu sokoni.

Katika seminari hiyo kazi iligawanywa sehemu mbili. Profesa Mjerumani alifundisha sarufi. Pembeni yake aliwekwa mtu mwenye lugha yake, mzaliwa wa nchi, ili wanafunzi wasikie matamshi ya kweli, wazoee mazungumzo na kusoma maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Huyo ndiye mwalimu msaidizi. Kabla ya Mtoro walikwisha kupita wengine, akiwemo Amur bin Nasur wa Unguja, aliyekuwa Berlin katika miaka ya kwanza ya 1890 na kuandika habari za maisha ya Ulaya kama alivyoyaona kwa macho yake.

Mjerumani aliyemjua Mtoro alikuwa Carl Velten. Huyo alikuwa mkalimani wa gavana katika Afrika Mashariki, na baadaye akawa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. Velten alikuwa na tabia ya kuwaomba Waswahili waandike wenyewe: hadithi, safari, mashairi, desturi. Mwaka 1898 alitoa kitabu cha hadithi, na mwaka 1901 kitabu cha safari za Waswahili, ambamo habari za Mtoro kutoka Udoe mpaka Uzigua zimo. Katika kitabu hichohicho kuna habari za Selim bin Abakari, aliyefuatana na Mzungu wake mpaka Urusi na Siberia.

Mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 31 hivi, Mtoro alipanda meli. Aliacha mji wa minazi na misikiti ya mawe, akaingia katika jiji lililokuwa na watu karibu milioni mbili, tramu za umeme na baridi inayoumiza mifupa.

Darasani Berlin

Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa maofisa wa jeshi, wakubwa wa serikali, wafanyabiashara na wamisionari waliojitayarisha kwenda koloni. Leo walikaa kwenye viti wakimsikiliza Mtoro akitamka maneno, kesho wangekuwa mabwana wa nchi ya Mtoro, wenye amri ya kuhukumu, kutoza kodi na kupiga viboko.

Ugumu wa kazi yake ulitoka hapo. Kwao Mtoro, mwalimu ni mtu mwenye heshima kubwa. Mzazi anapompeleka mtoto chuoni anamkabidhi mwalimu kama anavyomkabidhi baba wa pili. Mtoto humwamkia, humbebea vitu vyake, hasimami mbele yake kwa kiburi. Mtoro mwenyewe ameyaeleza maisha ya chuoni kwa urefu katika maandishi yake. Sasa alikuwa mwalimu wa watu ambao nchi yao iliwafundisha kwamba Mwafrika hawezi kuwa juu ya Mzungu, hata kwa saa moja ya somo.

Mtoro hakukubali kudharauliwa. Alitaka wanafunzi wamheshimu kama mwalimu wao, na wakati walipomvunjia heshima hakunyamaza. Jambo hilo lilileta ugomvi katika seminari. Kwa wengi pale, Mswahili alikuwa chombo cha kazi, mdomo wa kutamkia maneno. Wakati mdomo huo ulipodai haki yake, wakaona ni utovu wa adabu.

Wengi wanaofundisha ugenini wanalijua jambo hili. Mtu anaweza kukusifu kwa kazi yako asubuhi, na jioni asikupe kiti. Elimu yako inaingia mlango wa mbele, wewe mwenyewe unaonyeshwa mlango wa nyuma.

Kitabu kisicho na jina lake mbele

Katika miaka hiyohiyo ya Berlin ndipo ilipotoka kazi inayofanya jina lake likumbukwe hadi leo. Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen kitabu kinachoitwa Desturi za Wasuaheli, kwa Kiswahili, na mwaka huohuo kikatolewa pia kwa Kijerumani.

Kitabu hicho kinamchukua mtu tangu tumboni mwa mama hadi kaburini. Kinaeleza namna mtoto anavyozaliwa na kupewa jina, michezo ya watoto, chuo, jando na unyago. Kinasimulia posa, mahari, harusi na talaka. Kinaeleza ngoma na mavazi, pepo na waganga, magonjwa na dawa, kilimo, biashara na safari za bara. Kinaeleza majumbe wa pwani na haki zao, namna ya kuamua kesi, urithi, madeni, mazishi na eda.

Hakikuficha mambo mazito. Utumwa umeelezwa wazi: tofauti kati ya mtumwa mpya aliyeletwa kutoka bara na mzalia aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, kazi zao, ndoa zao, na namna ya kumwacha mtumwa huru. Kwa msomaji wa Congo kurasa hizo zina uchungu, kwa sababu wengi wa walioletwa kutoka bara walikuwa watu wa Manyema na wa upande huu wa ziwa. Mtoro hakuandika kama mtetezi wa watumwa. Aliandika kama mtu wa mji wake na wa wakati wake. Lakini aliandika, na kwa sababu hiyo tunaweza kujua mambo ambayo barua za magavana hazisemi.

Utamu wa kitabu uko katika sauti yake. Anayesema ni mtu wa ndani. Hatazami desturi za pwani kama mgeni aliyesimama dirishani. Anasimulia kama mzee anayemweleza mjukuu mambo ya nyumbani. Kiswahili chake ni kifupi, safi, bila mapambo. Hadi sasa watafiti wa historia ya Afrika Mashariki hawawezi kuandika juu ya maisha ya Waswahili wa karne ya 19 bila kukifungua.

Hata hivyo, jina lililowekwa mbele ya kitabu lilikuwa la Velten, kama mkusanyaji na mtoaji. Mtoro alitajwa ndani. Ni kweli kwamba watu wengine wa pwani nao walichangia, na ni kweli kwamba bila Velten huenda maandishi yasingechapishwa. Lakini sehemu kubwa ilitoka katika kalamu ya Mtoro, na msomaji aliyekiona kitabu dukani alidhani ni cha profesa.

Ndoa iliyowatia hofu wakubwa

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske, mkaaji wa Berlin. Walifunga ndoa ya halali mbele ya serikali. Katika Ujerumani yenyewe hapakuwa na sheria ya kuwazuia.

Lakini ndoa hiyo ilichafua hewa kabisa. Wazungu wanaume katika makoloni walikuwa wakiishi na wanawake Waafrika na kuzaa nao, na wakubwa walifumba macho. Mwanamume Mwafrika kumwoa mwanamke Mzungu, kwa cheti na kwa heshima, lilikuwa jambo jingine. Lilivunja hesabu yote ya utawala. Kwa sheria ya Ujerumani ya siku zile mwanamke aliyeolewa alifuata uraia wa mume wake. Maana yake ni kwamba Bertha, akifika koloni, angehesabiwa upande wa wenyeji, na watu wangemwona mwanamke Mzungu akiishi katika nyumba ya Mwafrika kama mke wake. Wakubwa waliona kwamba wakiruhusu jambo hilo hadharani, ule ukuta waliokuwa wakiujenga kati ya rangi na rangi utaanguka.

Mwaka 1905 kazi ya Mtoro katika seminari ya Berlin ilikwisha. Aliamua kurudi nyumbani na mke wake. Walipanda meli pamoja, safari ya wiki kadhaa, kupitia mfereji wa Suez na bahari ya Shamu.

Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, serikali ya koloni ilikataa. Haikuwaruhusu kushuka na kuishi pale kama mume na mke. Mtu aliyezaliwa pwani ile, aliyewafundisha maofisa namna ya kuwasalimu watu wa pwani ile, aliyeandika kitabu chote juu ya pwani ile, alionyeshwa minazi ya kwao kutoka melini kisha akarudishwa Ulaya.

Gavana wa wakati huo alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Jina hilo si geni kwa wakaaji wa Goma. Ndiye yule aliyeondoka Pangani mwishoni mwa 1893, akavuka Rwanda, akafika ziwa Kivu mwaka 1894, akapanda Nyiragongo, kisha akapita msitu wa Congo mpaka Matadi. Götzen aliweza kuvuka nchi za watu wengine kutoka bahari hadi bahari bila kuombwa karatasi. Mtoro hakuweza kuingia katika mji wake mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1905 vita vya Maji Maji vilianza kusini mwa koloni, na serikali ya Götzen ikavizima kwa risasi na kwa njaa. Mwaka huohuo pia ndoa kati ya weupe na weusi zilipigwa marufuku katika koloni la Kusini-Magharibi ya Afrika, Namibia ya leo. Mwaka 1906 Afrika Mashariki ikafuata. Kisa cha Mtoro kilitangulia amri hiyo, na kinaonyesha wazi jinsi amri za namna hiyo zinavyozaliwa: kwanza mtu mmoja anafungiwa mlango, halafu mlango unawekewa kufuli ya sheria.

Angeweza kumwacha mke wake akashuka peke yake. Hakuna aliyemkataza yeye kuwa Mwafrika katika Afrika. Lakini Mtoro alichagua kubaki na Bertha, na Bertha alichagua kubaki na Mtoro.

Miaka ya kuhangaika

Waliishi Ujerumani. Mtoro alikuwa sasa bila cheo katika seminari, na bila njia ya kurudi. Alipata kazi kwa Carl Meinhof, mtaalamu mkubwa wa lugha za Kibantu. Mwaka 1908 Taasisi ya Kikoloni ilifunguliwa Hamburg, Meinhof akahamia huko, na Mtoro alifanya kazi naye kwa miaka kadhaa kama msaidizi wa lugha.

Kazi hiyo ilikuwa na umuhimu wake. Wataalamu kama Meinhof walijenga majina yao juu ya elimu ya lugha za Kiafrika, na elimu hiyo ilitoka vinywani mwa watu kama Mtoro. Waliulizwa neno hili linatamkwaje, sentensi hii inafaa au haifai, kuna tofauti gani kati ya hili na lile. Profesa aliandika, msaidizi alijibu. Meinhof alikuwa msomi mkubwa, lakini naye aliamini kwamba watu wa rangi mbalimbali hawako sawa. Mtoro hakudumu Hamburg. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia alikuwa amekwisha kuondoka huko na kurudi Berlin.

Hapo ndipo tunamwona mwalimu kwa namna nyingine. Alipokosa darasa, alijitafutia darasa. Alianza kutembea mji kwa mji akitoa hotuba juu ya Afrika Mashariki mbele ya watu wa kawaida, kwa Kijerumani alichokuwa amekijua vizuri. Watu walilipa kiingilio kidogo kumsikiliza Mwafrika akieleza nchi yake. Wengine bila shaka walikuja kushangaa rangi yake tu. Lakini walipokuja walimkuta mtu aliyesoma, mwenye maneno yaliyopangika, anayejua anachokisema.

Si riziki ya kutegemewa. Vita vilipoanza mwaka 1914, njaa iliingia katika miji ya Ujerumani. Vilipokwisha mwaka 1918, nchi ilikuwa imeshindwa, na fedha yake baadaye ikaanguka hadi noti hazikuwa na thamani ya karatasi. Makoloni nayo yakachukuliwa. Waingereza walipewa Tanganyika, na Wabelgiji, ambao jeshi lao la Force Publique lilikuwa limeingia Tabora mwaka 1916 na askari wa Congo, walipewa Ruanda-Urundi. Serikali iliyomwita Mtoro kufundisha sasa haikuwa na koloni la kupelekea maofisa. Na Waafrika waliobaki Ujerumani wakawa watu wasio na kwao: nchi walikotoka ina bwana mwingine, nchi wanakoishi haiwatambui kuwa raia kamili.

Mtoro aliendelea na hotuba zake katika miaka hiyo yote migumu. Alifariki Berlin mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 58 hivi. Alikuwa ameishi karibu nusu ya maisha yake Ulaya. Hakurudi tena kuishi Bagamoyo.

Waliofuata nyuma yake

Kisa chake hakikuishia kwake. Katika miaka ya 1930 Mswahili mwingine, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyepigana upande wa Wajerumani akiwa mtoto askari, alifanya kazi ya msaidizi wa lugha katika seminari ileile ya Berlin. Utawala wa Hitler ulimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, ukamtupa katika kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo mwaka 1944. Ule mlango aliofungiwa Mtoro mwaka 1905 ulikuwa umegeuka kuwa lango la kambi.

Kwa upande wa kitabu, haki ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1981 kilitolewa Marekani kwa Kiingereza, kikitafsiriwa na J.W.T. Allen, na safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari likawekwa mbele, pamoja na Waswahili wenzake waliochangia. Mwaka 2009 mwanahistoria Ludger Wimmelbücker alichapisha kitabu kizima juu ya maisha yake. Kilitolewa na Mkuki na Nyota, nyumba ya vitabu ya Dar es Salaam. Zaidi ya miaka 100 baada ya meli kurudishwa, jina la mwalimu likashuka bandarini.

Mwalimu anayeondoka leo kutoka Bukavu au Lubumbashi yuko katika dunia tofauti. Kuna mikataba, kuna ubalozi, kuna simu ya kuongea na mama kila jioni. Kiswahili kimepewa hata siku yake na UNESCO, tarehe 7 Julai ya kila mwaka. Lakini maisha ya Mtoro yanatuachia mambo matatu ya kuweka mfukoni kabla ya safari. Elimu unayoondoka nayo ni mali, basi usiitoe bila jina lako. Heshima ya mwalimu usiiache mpakani, hata kama kuidai kutakuletea matatizo. Na kabla ya kupanda ndege, usiulize tu kama mlango wa kuingilia huko uko wazi. Uliza pia kama mlango wa kurudia nyumbani, wewe na jamaa yako wote, utabaki wazi.

Wajerumani walijifunza kwa Mtoro namna ya kumkaribisha mgeni Kiswahili. Neno la karibu walilijua vizuri, kwa matamshi safi. Yeye mwenyewe, siku aliyolihitaji, hawakumwambia.